Bi Vipi na Marehemu wa Ukurasa wa Tatu

Ukimsalimia shangazi yangu kwa "vipi?", kama vijana wanavyosalimiana siku hizi, utajuta. Hatakujibu "poa" wala "salama". Atakutazama juu ya miwani yake, kisha atakuuliza: "Vipi kuhusu nini? Nani kafanya nini, ndipo nikueleze kafanya vipi?" Wajukuu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na kesho yake wanarudia makusudi. Yeye hachoki. Kwake neno hilo si salamu. Ni swali, tena ni swali ambalo nusura limkoseshe kiti chake.

Habari ya kiti nitakufikishia, usiwe na haraka.

Zamani hizo shangazi alikuwa akifanya kazi kwenye gazeti. Ukisema hivyo watu hudhani alikuwa mwandishi wa kutembea na kamera begani. Hapana. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa kwenye pembe ya chumba cha habari, karibu na dirisha lisilofunga vizuri, mkonga wa simu kaubana kati ya sikio na bega, vidole vyote kumi kwenye taipureta. Waandishi wa miji ya mbali walipiga simu, wakasoma habari zao kwa kupaza sauti, naye akazichapa kadiri zilivyokuja. Kama hawakusema jambo, aliwauliza. Bega lake la kushoto mpaka leo liko juu kuliko la kulia. Fundi anayemshonea magauni analijua hilo bega, halipimi tena.

Hakuanzia hapo. Alianzia mlangoni, opereta wa simu, kazi ya kuchomeka nyaya na kusema "subiri kidogo" kutwa nzima. Siku moja aliyekuwa akipokea habari akaugua, mhariri akatoka ofisini mwake mikono ya shati imekunjwa, akauliza nani hapa anajua kuchapa. Shangazi akanyoosha mkono. Alikuwa amejifundisha mwenyewe, saa za chakula, kwenye taipureta mbovu ya stoo iliyokosa herufi k. Na Kiswahili bila k, anasema mwenyewe, ni nyumba isiyo na mlango: unaiona, lakini huingii.

"Binti," mhariri akamwambia siku hiyo ya kwanza, "nipe mkono wako."

Akampa, akidhani wanapeana hongera. Mhariri akaugeuza kiganja juu, akaanza kuvikunja vidole kimoja kimoja. Dole gumba, Nani. Cha shahada, Nini. Cha kati, Wapi. Cha pete, Lini. Kile kidogo, ambacho watu hukidharau, Kwa nini. Kisha akagonga katikati ya kiganja kwa kalamu.

"Na hapa?"

"Hapo ni kiganja tu, bosi."

"Hapa ni Vipi. Vidole vyote vimeota hapa. Mtu anaweza kukujibu matano yote, ukafunga mkono, kumbe umeshika hewa, kwa sababu hukumuuliza vipi."

Shangazi aliyaleta maswali hayo mpaka nyumbani. Sisi watoto tulikulia chini yake kama watu wanavyokulia chini ya bati linalovuja. Utakimbia kutoka nje roho juu, useme, "Shangazi, kaanguka."

"Nani?"

"Mtoto wa jirani."

"Kaangukia wapi?"

"Mtaroni."

"Lini?"

"Sasa hivi, shangazi, analia."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunakimbizana."

"Kaanguka vipi? Katanguliza kichwa au miguu?"

Ukifika hapo, mtoto wa jirani ameshatoka mtaroni peke yake, amesimama mlangoni na tope lake, anasikiliza ajue mwenyewe alianguka vipi. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alikuwa akisema nyumba yetu haihitaji polisi, labda jela tu.

Nilikwenda kumtembelea kazini mara kadhaa nikiwa mdogo. Nakumbuka harufu ya wino na ya karatasi iliyolowa, nakumbuka simu nyeusi nzito kama pasi. Mitambo ya kuchapa ilikuwa ghorofa ya chini. Jioni ilipowashwa, vikombe vyote vya chai juu vilianza kutetemeka kwenye visahani vyake, tingitingi, tingitingi, na watu wote wakashusha mabega. Maana yake gazeti limeondoka, lililoandikwa limeandikwa. Shangazi anasema katika maisha yake hajasikia muziki mtamu kuliko ule wa vikombe.

Lakini jioni moja muziki huo ulimgeuka.

Katika waandishi wa mbali kulikuwa na mmoja aliyeitwa Fundi Redio. Uandishi ulikuwa kazi yake ya pembeni. Riziki yake ilitoka kwenye redio za watu, alizozifungua akazitandaza mezani kama samaki. Mji wake ulikuwa mdogo, wa mwisho wa reli, na simu ya kuaminika ilikuwa moja, ile ya stesheni. Laini yake ilijaa mikwaruzo. Ukiongea na Fundi Redio, shangazi anasema, ni kama unaongea na mtu anayekaanga vitunguu.

Basi jioni ile, gazeti linakaribia kufungwa, simu ikalia.

"Dada, nina habari fupi," akasema Fundi Redio. "Ya Mzee Kengele."

"Ndiye nani?"

"Mpiga kengele wa stesheni yetu. Kila anayepita hapa kwa treni anamjua."

"Kafanya nini?"

"Amepumzika."

Shangazi akaacha kuchapa. "Poleni sana."

"Asante, dada. Mji mzima umesikitika."

"Wapi?"

"Hapa hapa stesheni, mbele ya watu."

"Lini?"

"Jana, treni ya jioni ilipokwisha kuondoka."

"Kwa nini, alikuwa mgonjwa?"

"Umri tu. Umri umefika, utafanyaje? Watu walijaa kumuaga, dada. Wengine walilia waziwazi. Mkuu wa stesheni alisema maneno ya kugusa sana."

"Na ilikuwa vi..."

Laini ikakatika.

Sasa nakuomba uyarudie majibu hayo moja moja. Hakuna la uongo hata moja. Ila kila moja lina miguu miwili, na shangazi alisimama kwenye mguu mmoja. Fundi Redio alimaanisha kwamba mzee ameacha kazi, amestaafu, wamemuaga kwa heshima. Shangazi alisikia lile ambalo wewe na mimi tungelisikia, maana ni watu wangapi tumewahi kuambiwa "mzee amepumzika" tukauliza amepumzika vipi? Hilo ni neno la adabu. Mtu hulipokea kwa kuinamisha kichwa.

Alijaribu kurudisha simu. Opereta wa njia za mbali akasema laini ya huko imeshikwa. Akajaribu tena. Msanifu wa kurasa alikuwa amesimama nyuma yake kanyoosha mkono, anataka karatasi. Shangazi akatazama habari yake. Nani, ipo. Nini, ipo. Vidole vitano vyote vimejaa. "Amepumzika" akaona si neno la gazeti, ni la matangani. Akalifuta kwa x nyingi, akachapa juu yake "amefariki dunia". Akaitoa karatasi. Baada ya muda vikombe vikaanza kutetemeka.

Gazeti lilitoka asubuhi. Kesho yake mchana, mzee mmoja mrefu akafika mlangoni pa ofisi, kavaa koti la reli lenye vifungo vya shaba, kofia kaishika mkononi, gazeti kalikunja kwapani. Mlinzi, mtu wa taratibu sana, akamsimamisha.

"Unamtaka nani, mzee wangu?"

"Namtaka aliyeniua."

Mlinzi akafikiri kidogo. "Umeuawa lini?"

"Jana. Ukurasa wa tatu."

"Una miadi?"

"Marehemu ana miadi na Mungu tu, kijana. Hebu nipishe."

Mlinzi akampisha. Kuna majibu ambayo taratibu hazikuyatarajia.

Juu, chumba cha habari kikanyamaza taipureta moja baada ya nyingine. Mzee akalifunua gazeti, akaliweka mezani, akaweka kidole juu ya kichwa cha habari, kisha akajigonga kifuani kwa kidole kile kile. Mhariri akatoka, akasoma, akamtazama mzee, akasoma tena.

"Nani aliipokea hii?"

Shangazi akasimama. "Mimi, bosi."

"Uliuliza vipi?"

"Laini ilikatika nikiwa nauliza."

"Sikuulizi habari za laini. Uliuliza?"

"Sikuuliza."

Mhariri hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angekuwa wa kufoka. Aliongea polepole, kama mtu anayehesabu mizigo. Masahihisho yatatoka kesho, akasema. Mzee huyu ayasome kabla, ayaridhie. Yasiporidhiwa, au yakileta lalamiko jingine, hata moja, binti atarudi mlangoni kwenye nyaya zake, na kiti kile atakikalia mwingine.

Shangazi akakitazama kiti. Kilikuwa kiti cha mbao tu, mguu mmoja umefungwa waya, mto wa kukalia kaushona mwenyewe kwa kitambaa cha pazia. Lakini kutoka kwenye kiti kile alikuwa anaisikia dunia. Nani angetaka kurudi kwenye "subiri kidogo"?

Mzee Kengele akakohoa. "Mheshimiwa, mimi sikuja kulalamika."

"Umekuja kufanya nini, mzee?"

"Nimekuja kuomba mniache hivi hivi kwanza."

"Hivi hivi vipi?"

"Marehemu. Mpaka Jumapili."

Watu wakatazamana. Mzee akaeleza, taratibu, kama anamwelekeza abiria. Ana watoto wawili. Wa kike ni fundi cherehani mji mwingine, hajakanyaga nyumbani miaka na miaka. Jana kasoma gazeti asubuhi, jioni kashuka kwenye treni analia, jirani kamshika huku, jirani kamshika kule. Wamemwingiza uani, kamkuta marehemu kakaa kwenye kigoda ananyoa ndevu.

"Akafanyaje?" akauliza mtu mmoja pale chumbani.

"Akanipiga na mkoba," akasema mzee, na uso wake ukang'aa. "Ananipiga, ananikumbatia, ananipiga. Ananiambia, baba, umekufa halafu unajipendezesha, unakwenda kwa nani? Tumecheka mpaka usiku. Sasa bado mmoja, wa kiume. Huyo yuko barabarani na lori, magazeti huyapata yamechelewa. Mkiandika kesho kwamba niko hai, atasoma yote mawili pamoja, hatakuja. Nipeni siku chache tu, nife mpaka afike."

"Mzee wangu," mhariri akasema, "gazeti si kabati la kuhifadhia maiti." Akamgeukia shangazi. "Nataka karatasi kabla mitambo haijawashwa. Nyinyi wawili mtajua wenyewe."

Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo shangazi yangu. Akiandika ukweli, mzee haridhiki, kiti kimekwenda. Asipoandika, kiti kimekwenda vile vile. Alifanya jambo ambalo nadhani ndilo lililomwokoa, ingawa yeye anasema alikuwa tu anaona haya kumwacha mtu mzima amesimama. Alikivuta kiti chake, akamkalisha mzee, yeye akakaa juu ya rundo la magazeti ya zamani. Akamwagizia chai.

Mzee akaonja. "Sukari haitoshi," akasema. "Marehemu anahitaji nguvu."

Shangazi akaongeza sukari. Kisha akafungua kiganja chake juu ya goti.

"Mzee, nilikosa juzi kwa sababu sikumaliza kuuliza. Niruhusu nianze upya, na safari hii nianzie huku mwisho. Huyo kijana wako aliondoka vipi?"

Mzee akaizungusha kofia mkononi.

"Aliondoka kwa miguu," akasema. "Treni ilikuwepo, akakataa kuipanda. Nilikuwa nimemwambia, mwanangu, nikichoka utaishika kengele. Mimi niliipokea kwa baba yangu. Akaniambia, baba, siwezi kumaliza maisha yangu nikiwapigia kengele watu wanaosafiri. Wao wanakwenda, mimi nabaki na chuma mkononi."

"Ukamjibu nini?"

"Maneno ya hasira. Nikamwambia, basi nenda. Na siku ukirudi usirudi na treni yangu." Akanywa chai. "Akalishika hilo neno. Akatafuta kazi ya barabara. Lori. Yaani kachagua kitu kisichopita stesheni."

Chini, mafundi walikuwa wakifunguafungua mitambo. Shangazi akasubiri.

"Sasa tuseme tumekuacha umekufa," akasema. "Kijana anafika Jumapili. Atakuta nini?"

"Atanikuta mimi."

"Atajisikia vipi?"

"Atafurahi, binti. Kama dada yake."

"Atafurahi. Halafu?"

Mzee akakiinua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Dada yake alidanganywa na mimi," shangazi akasema. "Mimi ni mgeni, nilikosea neno, akakupiga na mkoba yakaisha. Huyu atakuwa amedanganywa na wewe. Akiuliza, baba, ulijua mimi niko njiani nalia, ukanyamaza? Utamjibu vipi?"

Shangazi anasema alijuta papo hapo. Kumwambia mtu wa umri ule maneno kama yale, tena ukiwa wewe ndiye uliyemuua. Mzee alikiacha kikombe mpaka chai ikaota utando.

"Mna maswali mabaya hapa," akasema mwisho. "Kengele haiulizi maswali. Mbili fupi, treni inakuja. Moja ndefu, inaondoka. Mtu anaelewa." Akakivuta kiti karibu na taipureta. "Haya, chapa. Chapa kwamba niko hai. Lakini chapa na hilo la treni."

"Lipi la treni?"

"Kwamba aje na treni yoyote. Au aje na lori lake, sawa tu. Njia nimemwachia yeye." Alisema kwa sauti ya chini, anaiangalia kofia yake na kuizungusha; shangazi akamwomba arudie, akarudia.

Wakaandika pamoja, yeye anachapa, mzee anasoma juu ya bega, lile lililoinuka. Ilikuwa habari fupi. Ilisema mpiga kengele wa stesheni ya mwisho wa reli hajafariki, kama gazeti hili lilivyoandika kimakosa, bali amestaafu kwa sababu ya umri, ameagwa na wenzake, na ana afya njema. Ilisema aliipiga kengele yake ya shaba kwa mara ya mwisho baada ya treni ya jioni. Na mwisho ilisema: "Binti yake amekwisha kufika kumwona. Kijana wake anasubiriwa, kwa njia yoyote atakayoipenda mwenyewe, na neno la zamani limefutwa."

Mhariri akaisoma amesimama. Akachukua kalamu, akaiweka juu ya sentensi ya mwisho.

"Hii si habari. Hizi ni salamu."

"Ndiyo vipi yenyewe, bosi," shangazi akasema. "Ukiitoa tumeshika hewa."

Kalamu ikabaki angani. Kisha mhariri akamtazama mzee. "Umeridhika?"

"Nimeridhika. Ila mmeandika kengele ya shaba. Vifungo vyangu ndivyo vya shaba. Kengele ni kipande cha reli, kimening'inizwa kwa mnyororo."

Wakasahihisha masahihisho. Mhariri akamwambia shangazi kiti anamwachia, ila asisahau: lalamiko moja tu. Shangazi akasema amesikia. Akasubiri mzee anyanyuke, maana ndiye aliyekuwa bado amekikalia, anamalizia chai.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama mtu aliyeketi juu ya yai. Kila simu ikilia anadhani ndiyo yenyewe. Jumapili ikapita. Fundi Redio alipiga kuleta habari ya mvua, akaomba radhi kwa lile neno lake mpaka shangazi akamwambia inatosha. Kijana hakuwa ameonekana.

Halafu asubuhi moja, mhariri yuko pale pale mezani anatafuta kiberiti chake, simu ikalia. Sauti ya mwanamume, nyuma yake injini inanguruma.

"Hilo ni gazeti?"

"Ndilo. Nani mwenzangu?"

"Usiniulize mimi nani. Nyinyi mnaua watu na kuwafufua mnavyotaka? Nipe mkubwa wenu."

Mkubwa mwenyewe alikuwa umbali wa mkono mmoja. Shangazi angeweza kusema namba imekosewa. Alibana mkonga vizuri begani.

"Nitakupa, kaka. Yupo hapa. Lakini kama una la kuuliza juu ya mzee, niulize mimi, maana niliyeandika ni mimi. Yote mawili."

Injini ikanguruma peke yake kwa muda.

"Yu hai?" akauliza mtu yule.

"Yu hai."

"Umejuaje?"

"Kakaa kwenye kiti changu, kanywa chai, kasema sukari haitoshi."

Kule upande wa pili kitu kama kicheko kilitoka, kikakatika katikati. "Huyo ndiye. Na haya maneno ya mwisho. Njia yoyote. Nani kayasema, yeye au nyinyi?"

"Yeye."

"Kayasema vipi?"

Unaona? Wa kuulizwa safari hii alikuwa yeye. Anasema aliogopa jibu lile kuliko majibu yote aliyowahi kuandika, maana ungeweza kulijibu kwa neno moja, na neno moja lilikwisha kumponza.

"Kayasema anaangalia kofia yake," akajibu. "Anaizungusha. Kwanza alitaka tumwache marehemu mpaka ufike, halafu akaona si vizuri uje unalia bure. Akasema lori ni sawa. Alisema kwa sauti ya chini, kaka. Nilimwomba arudie, akarudia."

Simu ikakatika. Hakujua kama ni laini au ni mtu.

"Nani huyo?" mhariri akauliza.

"Kijana wa Mzee Kengele."

"Alitaka nini?"

"Kukulalamikia."

"Halafu?"

"Kasahau."

Mhariri akakiona kiberiti chake, kilikuwa mkononi mwake muda wote, akaenda zake.

Wiki haikwisha. Fundi Redio akapiga, na safari hii vitunguu vilikuwa vichache, sauti ikaja safi. "Dada, nina habari, lakini naogopa kuisema vibaya. Kuna lori limeegeshwa mlangoni mwa stesheni. Limeziba njia, abiria wanapita ubavuni kama kaa."

"La nani?"

"La kijana wa Kengele."

"Kafika vipi?" akauliza shangazi, akaruka mengine yote.

"Kwa honi. Tumesikia kutoka mbali, mbili fupi, kimya, mbili fupi. Mzee alikuwa uani. Katoka na sabuni usoni, kasimama barabarani, anasema hiyo ni treni gani inayokuja saa hizi?"

Shangazi akaichapa habari ile yote, na sabuni. Mhariri akaisoma, akasema ni nzuri sana na si ya gazeti. Haikuchapishwa. Lakini kuanzia siku ile, mkubwa na mdogo pale chumbani wakamwita Bi Vipi, na hakuna aliyezungumza tena habari za nyaya za mlangoni.

Alikaa kwenye kiti kile mpaka nywele zikabadilika rangi. Ni pale pale alipokaa, miaka mingi baadaye, Fundi Redio alipopiga akaanza, "Bi Vipi, Mzee Kengele ame..." akanyamaza. Alikuwa anatafuta neno.

"Sema lenyewe," shangazi akamwambia. "Usinipambie."

"Amekufa, dada."

"Vipi?"

"Usingizini. Kijana wake alikuwa pembeni."

Akaandika, akaomba iwekwe ukurasa wa tatu. Hakulia mpaka vikombe vilipoanza kutetemeka.

Gazeti lenyewe nalo halipo tena. Kwenye jengo lile sasa wanauza simu za mkononi, na pale ilipokuwa meza yake kijana mmoja anabadilisha vioo vilivyopasuka. Mitambo iliondolewa vipande vipande. Kiti walimpa, hakuna aliyekuwa anakitaka. Kiko sebuleni kwake karibu na dirisha, waya ule ule mguuni, kitambaa kipya cha pazia. Mgeni akifika kwa mara ya kwanza hukalishwa hapo, shangazi akakaa chini kwenye mkeka, na chai huja na sukari pembeni ili mtu ajipimie.

Juzi mama mmoja jirani alikuwa kakalia kiti hicho, akamtazama kwa huruma, akamwambia, "Umefanya kazi sana, dada. Sasa umepumzika."

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Sijapumzika," akasema. "Nimestaafu. Ukienda kusema huko nje, sema hivyo hivyo."